Ukuta wa Mama Mkwe

Valeriani, fundi bodi wa Nsemulwa, hajawahi kumwambia mteja kwamba jambo haliwezekani. Mwalimu mmoja wa kwaya, mrefu kama mlingoti, alitaka paa la pikapu yake linyanyuliwe asiiname. Valeriani alilikata, akalinyanyua. Mvua ilipoanza kuingia, alisema paa zuri lazima lipumue.

Basi Mwandu, mfugaji wa Kabungu, alikuja kwake Jumatatu na pikapu ya zamani yenye kiti kimoja kirefu.

"Mama mkwe ana mtoto wa jicho," alisema. "Madaktari wa macho wako mjini mpaka Alhamisi. Wakiondoka, ni hadi mwakani, na sasa hivi hata moto wa jikoni anautafuta kwa mkono."

"Si umpakie umlete?"

"Fundi, kwetu Wasukuma mtu habanani bega kwa bega na mama mkwe. Nyuma hapandi, anasema yeye si mbuzi. Bodaboda ndiyo kabisa. Amshike kiuno kijana wa nani?"

Valeriani alilizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni.

"Tunajenga ukuta," akasema.

Kwa siku mbili alikata na kuchomelea, bati likasimama kushoto kwa gia kutoka sakafuni hadi darini. Upande wa mama akatandika zulia, akatundika na pazia. Alhamisi asubuhi aliongozana na gari mpaka Kabungu, maana hupenda kusifiwa ana kwa ana.

Lucia, mke wa Mwandu, alichungulia ndani kwa muda mrefu.

"Kwani mimi nisingekaa katikati yao?"

Wanaume wawili wakalitazama bati.

"Shemeji, hilo ungelisema Jumatatu," Valeriani akasema.

"Jumatatu mlimwuliza nani?"

Sasa katikati hapakuwa na nafasi hata ya kikapu. Lucia akamshika mkono mama yake, Minza, akamkalisha kwenye zulia, akafunga mlango, yeye akabaki nyumbani. Valeriani akajilaza nyuma juu ya magunia.

Barabarani ndipo Mwandu alipogundua kwamba kioo cha kushoto hakionekani. Akawa anaendesha nusu ya gari, nusu nyingine amemwachia Mungu. Walipokaribia daraja, bati liligongwa.

"Mkwe, simama. Ng'ombe."

Akakanyaga breki. Kundi zima likakatiza kutoka kushoto, pembe kwa pembe. Minza hakuwa ameliona. Alikuwa amesikia kengele. Kwa miaka tisa maneno yote kati yao yalikuwa yakipitia kwa Lucia. Haya yalikuwa ya kwanza kuja yenyewe.

"Asante, mayu," Mwandu akaliambia bati, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Endesha. Kuna baiskeli huku, mnyororo unalia."

Wakafika hospitali muuguzi akiandika majina ya mwisho.

Wiki mbili baada ya upasuaji, walipotoka kupimwa macho na muuguzi yule, walipitia gereji. Valeriani alikuwa na msumeno tayari aondoe ukuta, tena kwa uchungu wa mtu anayevunja kanisa. Minza akateremka mwenyewe, akalitazama bati juu mpaka chini kwa macho mapya.

"Liache."

"Lakini mama, hataona kushoto."

"Nitamwambia mimi. Uso kwa uso nitamwonea haya, nishindwe kumwambia kwamba anaendesha vibaya."