Kunde za Mama Zilizotupwa Jaani

Baba yangu alitupa chakula chetu jaani akiwa amevaa tai. Nalitaja hilo la tai kwa sababu wote wanaomkumbuka humkumbuka hivyo: mtu nadhifu, karani wa serikali, mtaratibu, asiyepaza sauti. Hata siku hiyo hakupaza sauti. Aliwaonyesha mafundi kwa kidole, akatazama saa yake, akaenda kazini. Nimezeeka, yeye amekwisha kuzikwa, na bado nikikumbuka kile kidole damu hunipanda.

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Buruburu kutoka mtaa wa Ziwani mwanzoni mwa miaka ya themanini. Baba aliona tumefika. Nyumba ilikuwa na ghorofa, bafu la ndani, na uwanja mdogo mbele ambapo alipanda nyasi na mawaridi. Nyuma palibaki kipande cha ardhi kilichozungushiwa ukuta, kimejaa vigae, chupa zilizovunjika na udongo mgumu kama sakafu, masalio ya waliojenga mtaa. Hapo ndipo Mama alipopataka. Alichimba, akaokota vigae, akachimba tena. Samadi aliitoa kwa mfugaji mmoja upande wa Mowlem, ikaja kwa mkokoteni, na majirani wakafunga madirisha.

Msimu wa pili tulikuwa na kunde, mchicha, sukuma wiki, nyanya, na mmea wa malenge uliopanda ukuta ukachungulia kwa jirani. Lakini Mama alikuwa amekulia Ukambani, ambako mvua haiaminiki, na hakuweza kuona mboga nyingi bila kuziwazia siku zisizo na mboga. Majani ya kunde yaliponona aliyachuma asubuhi, akayatia kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi tu, akayaepua yangali na rangi yake, akayatandaza juu ya gunia kwenye paa la kibanda cha mabati kilichokuwa kule nyuma. Mimi nilikuwa wa kuyageuza na kufukuza ndege. Nyanya alizikata vipande, akazinyunyizia chumvi na kuzianika vivyo hivyo. Kunde zenyewe, zile punje, alizichanganya na jivu ili fukusi wasiziguse. Vyote viliingia katika mikebe na magunia, vikapangwa ndani ya kile kibanda hadi juu.

Baba alikuwa akila mboga hizo kila siku, na alikuwa akizionea haya.

"Mama watoto, hapa si shamba," alimwambia. "Wenzangu wakija watasema nini?"

"Watasema wameshiba," Mama alijibu.

Nakumbuka alivyocheka peke yake. Baba hakucheka. Jioni alibadilisha nguo, akachukua mpira wa maji, akamwagilia mawaridi yake mpaka njia ikalowa.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilikuwa chache. Baadaye, za masika nazo zikachelewa, na watu wakaanza kuangalia mawingu hata wale waliokuwa hawana shamba popote. Kipindi hicho hicho habari zikatufikia kwamba mama yake Mama ni mgonjwa. Mama akafunga mzigo, akanikabidhi wadogo zangu watatu na ufunguo wa kibanda, akapanda basi kwenda kwao. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja nikasikia lori likishusha mawe nje. Mafundi waliingia kwa mlango wa nyuma na majembe. Nilimkuta Baba amesimama mlangoni na chai mkononi.

"Baba, hawa wanafanya nini?"

"Tunajenga vyumba vya kupangisha. Kila mtu kwenye laini hii ya nyumba amejenga."

"Mama anajua?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nyumba hii ni ya nani?"

Swali lile halikuwa la kujibiwa. Mafundi walikuwa wamekwisha kung'oa sukuma wiki, zile ndefu ambazo Mama alizifunga kwenye vijiti, na mmoja alikuwa akikanyaga kunde kana kwamba ni majani ya barabarani. Kisha wakafika kwenye kibanda. Baba akaniambia nilete ufunguo. Nilipokawia, akamwambia fundi avunje kufuli.

Fundi alifungua gunia moja, akatia mkono, akanusa. Akamgeukia Baba. "Mzee, hiki ni chakula."

"Ni takataka za kijijini," Baba alisema. "Kibanda kinabomolewa. Tupeni." Ndipo akaonyesha kidole kule jaani, mwisho wa laini, ambako lori la baraza la jiji lilikuwa likizoa taka siku lilipojisikia.

Nililia kwa sauti hadi mama wa nyumba ya pili akatoka. Alikuwa mama kutoka Murang'a, mfanyabiashara wa mitumba katika soko la Gikomba, ambaye mara nyingi alibadilishana na Mama viazi kwa kunde juu ya ukuta. Hakuuliza mengi. Alichukua kiondo chake, akanishika mkono, tukaenda jaani. Magunia yalikuwa yamepasuka. Majani aliyoyachuma Mama jani kwa jani yalikuwa yametapakaa juu ya majivu, chupa na vumbi la simiti. Mbuzi wa mtu walikuwa wamekwisha kufika. Tuliokota tulichoweza kuokota. Mkebe mmoja tu tuliukuta mzima, na kifuniko chake.

Yule mama alisema jambo kwa Kikuyu ambalo sikulielewa, halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Mama yako akirudi, mwambie mimi nimeona. Awe akijua kuna mtu ameona."

Mama aliporudi kuta zilikuwa zimefika madirishani. Alikuwa amebeba mbegu kutoka kwao, zimefungwa kwenye pembe ya leso. Alisimama mlango wa nyuma akatazama, na mafundi mmoja mmoja wakaacha kazi. Nilimweleza yote. Nilitaka apige kelele. Nilitaka avunje kitu. Yeye aliniuliza tu, "Hata zile kavu?"

"Hata zile kavu, Mama. Ziko jaani."

Jioni Baba alikuwa na maneno matamu. "Usijali, mama watoto. Mboga zitatoka sokoni kila siku. Utapumzika."

"Haya," Mama akasema.

Kwa muda Baba alirudi kweli na mboga zimefungwa kwenye gazeti. Kisha akawa anasahau. Kisha ukame ukakaza, na sokoni fungu la sukuma wiki likawa dogo, la manjano, linapiganiwa. Siku aliyorudi mikono mitupu, Mama alisonga ugali, akamwekea mezani na kikombe cha maji. Pembeni hakuna kitu.

"Mboga iko wapi?"

"Ulisema itatoka sokoni."

Alikula ule ugali mkavu. Kesho yake akala tena. Sisi watoto Mama alitulisha kwa yule jirani, tukiingia kwa mlango wa nyuma, maharagwe na viazi, naye jirani hakulalamika hata siku moja. Baba alidhani ni jambo la kupita. Alipoona halipiti, hakwenda sokoni. Alikwenda kuwaita wazee wa kanisa.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wazee wawili na mke wa mmoja wao. Walikaa sebuleni kwenye vile viti vyenye vitambaa. Mimi nilibaki mlangoni mwa jikoni. Mzee mkubwa wao alisafisha koo.

"Mama, tumesikia unamnyima mzee chakula. Maandiko yanasema mwanamume ni kichwa cha nyumba."

"Sijakataa," Mama akasema. "Kichwa ni yeye. Basi muulizeni kichwa watoto wake wale nini."

Baba alitabasamu, lile tabasamu la ofisini. "Mnaona? Yote haya ni kwa sababu ya majani."

Neno lile ndilo lililonisukuma. Nilikwenda jikoni nikachukua ule mkebe tuliouokota, nikauweka mezani mbele ya wageni na kuufungua. "Ndiyo haya majani," nikasema. "Aliyatupa jaani. Mbuzi wakala."

Baba aliniamuru nitoke. Sikutoka. Mke wa mzee akatia mkono ndani ya mkebe, akatoa konzi ya kunde kavu, nyeusi, zenye harufu ya jua, akazinusa kama alivyozinusa fundi. "Hizi zilitupwa mwaka huu?" akamuuliza Baba. "Mwaka huu?"

Aliyejibu ni mume wa mwanamke huyo, si Baba. Alisema yaliyopita yamepita, kwamba vyumba ni maendeleo, kwamba amani ya nyumba iko mikononi mwa mama. Akamtaka Mama aombe msamaha.

Na Mama akapiga magoti. Alipiga magoti kwenye zulia, mbele yangu, akasema, "Nimekosa, baba watoto." Wazee wakaomba sala ndefu, wakanywa chai, wakaenda. Mke wa mzee alikuwa wa mwisho kutoka, na hakumpa Baba mkono.

Nilimchukia kila mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile. Nilimchukia Mama pia, kwa yale magoti.

Asubuhi yake Baba alipokwisha kwenda kazini, Mama alichukua jembe, akapita sebuleni nalo, akatoka kwa mlango wa mbele. Hakungoja barabara itulie. Watu walikuwa wakienda kazini, watoto wakienda dukani, na mwenye nyumba ya mkabala alikuwa akipangusa gari lake. Mama akaanza na waridi la kwanza kando ya geti. Alichimba kulizunguka, akalivuta, likang'oka na mizizi yake. Akaliweka kando kwa utaratibu. Akaenda kwenye la pili. Miiba ilimkwaruza mikono hadi damu ikamtoka, na yeye akaendelea. Mimi nikachukua jembe la pili. Hakuniambia nichimbe wala hakunizuia. Kufikia saa sita hapakuwa na waridi wala nyasi, na udongo ulikuwa umefunguka wote. Yule mama wa nyumba ya pili alikuja na maji kwa ndoo, maji aliyokuwa ameyatumia kufulia. Mama alipanda zile mbegu za leso.

Baba aliporudi alisimama nje ya geti kwa muda. Mawaridi yake yalikuwa yamepangwa ukutani kama kuni.

"Umefanya nini?" Kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. Majirani walitoka. "Mwanamke, umefanya nini mbele ya nyumba yangu?"

Mama alikuwa akinawa mikono. "Nimejenga," akasema. "Kila mtu amejenga."

Niliona mkono wa Baba ukiinuka. Niliona pia alivyotupa jicho barabarani, akaona watu, na mkono ukashuka. Aliwaogopa majirani, basi. Utu haukuwemo.

Baba hakuzungumza na Mama majuma mengi. Lakini hakung'oa. Zile kunde zilimea kwa maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo, mbele ya nyumba, kila mpita njia akiziona, wakati mtaa mzima ulikuwa ukipika unga wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Mawaridi ya wengine yalikauka kwenye laini nzima. Wake za makarani waliokuwa wakifunga madirisha kwa harufu ya samadi sasa walikuja getini na bakuli. Mama aliwachumia. Mengine aliyachemsha kidogo na kuyaanika, safari hii juu ya paa la vyumba vipya vya Baba, na mpangaji akawa anapanda kuyageuza badala yangu.

Siku moja Baba alileta mgeni, mkubwa wake wa kazini. Mama alipika ugali wa ule unga wa manjano, na kunde kavu alizozilowesha kwa maji ya moto na kuziunga kwa kitunguu na maziwa. Mgeni alikula, akaongeza, akauliza mboga nzuri hivi imetoka wapi katika njaa kama hii.

"Sisi tulijiandaa mapema," Baba akasema, akafuta mdomo.

Sisi.

"Aliyejiandaa ni Mama," nikasema. "Wewe ulizitupa."

Mgeni akatazama sahani yake. Baba akaweka kijiko chini. Ningeweza kusema zaidi na nilikuwa tayari kusema, lakini Mama akaniwahi. Akachukua bakuli, akainama, akasema kwa upole, "Baba watoto, ongeza mboga." Akamwokoa. Akamwekea nyingi kuliko mgeni.

Baba hakuomba msamaha siku hiyo, wala wakati wowote katika maisha yake. Miaka mingi alikuwa akiwaonyesha wageni kunde za pale mbele kama alivyokuwa akiwaonyesha mawaridi, akieleza namna zinavyopandwa, huku akikosea. Alipofariki, mzungumzaji mmoja alimsifu kaburini kuwa mkulima aliyelisha familia yake hata wakati wa ukame. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilitaka kusimama, Mama akanishika nguo, na nguvu za mkono wake, mzee kama alivyokuwa, zilinishangaza.

Tulipobaki wawili nilimuuliza mbona alipiga magoti siku ile ya wazee, ilhali alijua kesho yake atafanya nini.

"Nilikuwa na watoto wanne," akasema. "Nilikuwa nataka watu watoke nyumbani kwangu, nipande kabla mbegu hazijaharibika."

"Na Baba? Ulimsamehe?"

Alifikiri. "Sikuwa na nafasi ya kumfikiria," akasema. "Kulikuwa na ukame."

Mimi nilikuwa na nafasi. Nimekuwa nayo maisha yangu yote, na nimeitumia.