Siku Vidole Alipokataa Kumkanda Meneja

Kwa miaka kumi na tisa, Vidole aliwakanda watu misuli katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa mazoezi: kitanda cha mbao, taulo tatu, chupa ya mafuta na feni iliyozunguka ilipojisikia. Jina lake halisi wateja hawakulijua wala hawakuliuliza. Mtu akishakuachia mgongo, jina la nini?

Jumatatu moja akaingia meneja wa benki, akitembea kama aliyemeza ufagio. Jumamosi alikuwa amewakuta vijana wa ofisini kwake wakinyanyua vyuma, naye, shujaa wa kukalia kiti miaka ishirini, akaamua kuwatia adabu. Akachuchumaa na kuinuka na chuma mabegani mara mia mbili. Wakampigia makofi. Makofi, kwa bahati mbaya, si dawa.

"Kanda kwa nguvu, dada," alisema akijilaza kwa awamu. "Mimi si mtoto."

"Naona, kaka."

Mapaja yalikuwa yamevimba, yamekaza kama ngoma. Alipoyagusa tu, mtu mzima akamwita mama yake. Vidole akaondoa mikono.

"Samahani, kaka. Mkojo wako una rangi gani?"

Meneja akainua kichwa. Yeye, ambaye saini yake hujenga nyumba za watu, aulizwe habari za mkojo!

"Hayo yanakuhusu nini?"

"Ukiwa mweupe, hayanihusu."

Meneja akajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani: "Kama kahawa. Tangu jana."

Zamani Vidole aliwahi kumkanda mkimbiaji mwenye hali hiyohiyo, kwa kutojua. Mkimbiaji akaishia wodini.

"Sikukandi. Misuli ikiumia hivi, uchafu wake huziba figo. Nenda hospitali sasa hivi."

"Nimekuja kukandwa, sikuja kuhutubiwa!"

"Basi nimegoma. Nikuitie teksi, au utatembea na miguu hiyo?"

Teksi ikaitwa.

Alilazwa siku sita, dripu juu ya dripu. Daktari akamwambia angechelewa kidogo tu, figo zingemsusa.

Mwezi uliofuata alirudi, akasimama katikati ya ukumbi akiwasimulia vijana jinsi alivyoushtukia ugonjwa mwenyewe, kwa akili zake mwenyewe. Vidole alisikiliza hadi mwisho. Meneja alipolala kitandani ndipo Vidole akamuuliza:

"Tuanzie wapi leo, daktari?"

Meneja akaficha uso kwenye taulo. "Mgongoni," alisema. Baadaye sana, kwa sauti ya chini: "Asante, dada."

Ilikuwa asante nyembamba kama uzi. Vidole akaipokea, akaongeza mafuta.