Mlango wa Nabii Eliya

Binti yangu alipewa sehemu ndogo kuliko zote: kufungua mlango. Mchezo ulikuwa wa nyimbo tupu, habari za familia ya Kiyahudi katika mji mdogo wa Ulaya, zamani, wakila karamu ya Pasaka yao. Mezani hujazwa kikombe kimoja cha divai cha nabii Eliya, kisha mtoto hutumwa akamfungulie. Eliya niliyefundishwa kanisani kule Nakuru alipaa kwa gari la moto. Sikujua kuna watu wanaomngoja mlangoni kila mwaka.

Mwelekezi, bibi mmoja wa sinagogi lililoandaa mchezo hapa Alexandria, ughaibuni tunakoishi, alikataa mlango wa kuchorwa. Alitaka mlango wenyewe wa ukumbi, ule wa nyuma unaotazama maegesho. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwamba zamani majirani walizusha uongo kuwa Wayahudi hutia damu ya watoto kwenye karamu hiyo, wakaja na mashoka. Mlango ukifunguliwa, kila mtu ajionee kuwa mezani hakuna kilichofichwa. Aliyasema hayo huku akikunja vitambaa vya meza.

Kwetu, mwaka ule wa fujo baada ya uchaguzi, tulisukuma kabati mlangoni tukakaa sakafuni kimya. Sauti zilizokuwa nje tulizijua, zilikuwa za majirani. Tangu hapo mimi ni mtu wa kufunga, na makomeo ya nyumba yetu hapa binti yangu huyacheka.

Wiki ya onyesho, sinagogi lilipokea ujumbe wa vitisho. Polisi wakaja, wazazi wengine wakawatoa watoto wao, na mlinzi akaomba ule mlango usiguswe. Mwelekezi akatuachia wazazi tuamue. Mimi nilikuwa nimeshaamua.

“Huendi,” nikamwambia binti yangu jikoni.

“Mum, nikiquit, nani atafungua? They’ll just sing kwa mlango umefungwa.”

Nilikasirika, lakini jioni ya onyesho nikampa koti lake.

Nikaenda naye. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, bado nimevaa viatu vya kazini. Wimbo ukafika pale pa kumfungulia Eliya. Mtoto wangu akaja na kitambaa kichwani, akanipita kama hanijui, akasukuma mlango.

Baridi ikaingia. Nje giza lilikuwa limeshaingia, na gari moja lilisimama peke yake, taa zikituelekea. Mlinzi akapeleka mkono kiunoni. Kwaya ikaanza kumkaribisha nabii, taratibu mno, beti baada ya beti, na mtoto akashika kitasa akasubiri kama alivyofundishwa.

Niliinuka ili nifunge. Nikaweka mkono juu ya wake pale kwenye kitasa. Hakuuondoa.

“Mum, not yet,” akanong’ona.

Basi nikapita mbele yake nikasimama kizingitini, kifua wazi mbele ya zile taa, mpaka wimbo ukaisha. Watu walidhani nimo mchezoni, wakapiga makofi. Gari liliondoka polepole, na mpaka leo sijui lilikuwa la nani.

Kesho yake kulikuwa na onyesho la pili. Mwelekezi alinifunga kitambaa cha kichwa kama cha mwanangu, bila kuniuliza. Sikukataa. Nilikuwa nimekwisha kuangalia maegesho.