Rivasi imeniaibisha mbele ya Mwende

Wasee, nina wivu leo mpaka chai haishuki.

Mteja ambaye nimemtengenezea gari miaka sita ameileta kwa gereji yangu hapa Kawangware 46. Akirudi nyuma, gia ya rivasi inajitoa yenyewe.

Nikamwambia lazima giaboksi ishushwe.

Mwende, fundi wa kibanda cha pili, akajileta. (Nani alimwita?)

Akafungua boneti, akamwambia mteja arudi nyuma polepole. Injini ikaruka kama mbuzi!

"Raba inayoshika injini imekatika. Injini ikiruka, inavuta gia. Giaboksi iko poa."

Watu wakampigia makofi. Kwa kibanda changu!

Nikangoja anicheke.

Akamwambia mteja, "Hiyo nilifunzwa na huyu fundi wako."

Na ni ukweli. Nilimfunza, nikasahau mimi.

Sasa niambieni, mtu kama huyo unamchukia aje?