Scovia, Mshika Mikono wa Ngazi za Umeme

Kama umewahi kuingia Jabali Plaza hapa Migori mjini, Scovia unamjua. Kama hujawahi, kaa nikwambie, lakini usinikatize. Mimi nikikatizwa hukasirika, na nikikasirika sindano hunichoma kidole.

Moli ile, yaani jumba lile la maduka, ilipofunguliwa, chini kulikuwa na benki na maduka ya simu. Juu kulikuwa na supamaketi kubwa pamoja na sisi mafundi wa nguo. Katikati waliweka ngazi za umeme, zile zinazotembea zenyewe. Yawa! Watu walitoka hadi Sori, kule ziwani, kuja kuziangalia. Wanaume walijifanya wamezizoea, huku wameng'ang'ania ukuta. Akina mama walivua viatu kabla ya kukanyaga. Wengine walisimama tu na vikapu vyao, wakazitazama, wakaenda zao bila kununua hata chumvi.

Scovia aliajiriwa kufagia. Msichana mwembamba, mpole, lakini kichwa kigumu kweli. Siku moja akamwona mama amekwama pale chini, mguu unainuka, mguu unarudi, jasho linamtoka. Akaweka ufagio kando, akamshika mkono, akamuuliza kwa Kijaluo, "In nyar kanye?" Yaani, wewe ni binti wa wapi? Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikozaliwa. Mimi ni Damaris, lakini sokoni ukiita Damaris sigeuki. Ita Nyar Asumbi, utaniona. Sasa ukimuuliza mama swali hilo, umefungua bomba. Atakueleza boma la baba yake, mto waliochotea maji, shangazi aliyeogopwa kijiji kizima. Yule mama alianza kueleza, na alipofika kwa shangazi tayari alikuwa juu, hajatazama miguu yake hata kidogo.

Meneja aliona. Scovia akapewa fulana nyekundu, na kazi yake ikawa hiyo: kushika mikono na kuuliza watu kwao ni wapi. Tulimcheka, lakini wateja walipanda.

Kisha siku moja ya soko alikuwa akimpandisha mama mzee mmoja, Phelesia, nyar Sori. Stima ikaruka, ngazi zikashtuka kama punda aliyechapwa, zikasimama. Wote wawili wakaanguka. Phelesia alipasuka muundi, damu ikachafua leso yake, akabebwa kwenda kushonwa. Kabla jua halijatua, kila soko lilikuwa na habari: ngazi za Jabali zinauma watu! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata zilipokuwa zimekufa kabisa, hakuna aliyekubali kuzipanda. Zikiamka nikiwa katikati je?

Supamaketi ilianza kukonda. Rafu zikabaki na siki na karatasi za chooni, halafu asubuhi moja tukakuta kufuli. Benki ikahama. Mahali pake pakafunguliwa baa, na walevi wakageuza ngazi za nyuma, zile za kawaida za saruji, kuwa choo. Sisi wa juu tukabaki na nzi. Nilikuwa nakanyaga cherehani bila kitambaa, nisikie tu kitu kinalia.

Scovia alifutwa kazi, lakini hakuondoka. Aliweka beseni lake la njugu pale pale, chini ya ngazi zilizokufa.

"Wewe, si uende Osiri ukawauzie wachimba dhahabu chapati?" nilimwambia. "Hapa unalinda nini? Maiti?"

"Nyar Asumbi, mimi ndiye niliyemwangusha yule mama."

"Stima ndiyo iliyomwangusha! Mjinga wewe!"

"Mkono ulikuwa wangu," akasema.

Nilimwacha nikaenda zangu nikinung'unika. Tangu siku ya ajali hakuweka hata kidole cha mguu kwenye zile ngazi.

Ndipo mwenye jengo, Mzee Bogonko, akatuita. Akasema Krismasi ikifika kama juu bado ni kimya hivi, ghorofa nzima anampa muuzaji wa mbolea iwe stoo, na zile ngazi zing'olewe ziuzwe kama vyuma chakavu. Nilipiga kelele, nikamtukana. Lakini usiku sikulala. Kwangu mimi kutoka pale kulimaanisha kushonea kandokando ya barabara, kwa vumbi, na umri huu. Na Scovia je? Angemshika nani mkono kwenye magunia ya mbolea?

Mvua ndiyo iliyotuokoa. Ilinyesha mchana, akina mama wakakimbilia mlangoni kujikinga, na kati yao alikuwa Phelesia na kovu lake. Scovia alipomwona, njugu zilimwagika. Phelesia na wenzake, mabinti wa Sori walioolewa huku kwetu, walikuwa na chama chao, na walikuwa wanabishana mahali pa kukutana.

"Kwangu haiwezekani," mmoja alisema. "Tukinong'ona, mama mkwe ana masikio. Tukicheka, tunamcheka yeye."

"Hata kwangu!"

Scovia akasema, bado ameinamia njugu zake, "Huko juu hakuna mama mkwe."

Mayo! Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakazitazama zile ngazi, na kicheko kikaisha.

Kesho yake Scovia alifunga leso kiunoni, akabeba ndoo na sabuni, akaingia ngazi za nyuma. Alisugua. Alifukuza walevi kwa ufagio, mmoja akamtukana, akamsugua na yeye. Akaja kwangu kuomba balbu. Nilimpa, nikilalamika, maana ilikuwa ya mwisho.

Mabinti wa Sori walipofika, alisimama chini ya ngazi hizo za nyuma, akamnyooshea Phelesia mkono. Phelesia aliutazama ule mkono. Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia.

"Safari hii ushike vizuri," Phelesia akasema.

"In nyar kanye?" Scovia akauliza.

"Si unajua!"

"Niambie tena."

Akamwambia tena, tangu ngazi ya kwanza hadi ya mwisho.

Walikaa kwenye ukumbi mtupu wa ile supamaketi, wakasema waliyotaka kusema, wakapiga vigelegele hadi vioo vikaitika. Basi kama habari ile iliyokimbia masokoni kutuua, na hii ikakimbia. Mimi nikaleta mabinti wa Asumbi. Wa Rangwe wakaja, wa visiwa vya ziwani wakaja, kila chama na siku yake. Chama kinataka sare, na sare ni nani anayeshona? Waliokutana huona njaa, mama wa chai akaja. Nywele nazo zinataka kusukwa mazungumzo yakiendelea. Muuza leso akachukua kibanda, kisha mwingine. Bogonko alipokuja Desemba na mtu wake wa mbolea, walikosa hata pa kukanyaga. Akina mama wakawauliza nyinyi ni wakwe wa nani, na wanaume wale wakatoka mbio.

Mwaka mpya mzee mwenyewe akaleta mafundi wa ngazi. Siku ya kuziwasha tulijaa pale chini, Scovia mbele, na fulana mpya nyekundu. Ngazi zikanguruma, zikaanza kutembea. Scovia akarudi nyuma. Uso umemwisha damu.

"Siwezi," akasema. "Haki siwezi."

Phelesia akatupenya kwa viwiko, akamshika mkono.

"Na wewe," akamuuliza, "in nyar kanye?"

Nikashtuka. Miaka yote ile, mimi na mdomo wangu huu, sikuwahi kumuuliza. Sote tulikuwa tumemzoea yeye ndiye wa kuuliza.

"Ntimaru," Scovia akajibu kwa sauti ndogo.

Kumbe Mkuria, si Mjaluo kama sisi! Na Kijaluo chake kilivyonyooka vile!

"Ntimaru kwa nani?" Phelesia akauliza, akakanyaga ngazi, naye Scovia akamfuata.

Scovia akaanza. Nyumba ya mama yake iko mgongoni mwa kilima, ukisimama mlangoni unaona Tanzania. Baba yake alikuwa na fahali mweusi aliyekula nguo kwenye kamba. Uji wa wimbi, shangazi, kaka aliyeogopa bata. Alikuwa anacheka. Mtu mpole yule, kumbe maneno yalimjaa hivyo!

"Tumefika, binti yangu," Phelesia akamwambia.

Scovia akatazama miguu yake. Ilikuwa juu.

"Lakini sijamaliza," akasema.

Basi wakashuka kwa ngazi za nyuma, wakarudi wakapanda tena. Safari hii nami nilikuwa nyuma yao, nasikiliza.