Dada Aliyezikwa kwa Mdomo

Ukimuuliza Orpha Sizemore habari za dada yake, alikuwa anakujibu neno moja tu: "Alikufa." Hasemi lini, hasemi kwa ugonjwa gani. Watu wa bonde walijua vizuri kwamba Vesta yu hai, yuko Dayton kule Ohio, amestaafu kiwandani na ananenepa. Lakini nani wa kumwambia Orpha? Katika milima ile ya Kentucky mtu akimzika ndugu yake kwa mdomo, majirani wanashiriki matanga. Ndiyo adabu.

Kosa la Vesta lilikuwa hili. Baba yao aliwaachia wote wawili kipande cha mlima, hakikugawanywa, chenye makaburi ya ukoo. Kampuni ya makaa ya mawe ikautaka mlima. Orpha walijua hang'oki, basi mtu wao akafunga safari mpaka Ohio, akakaa jikoni kwa Vesta, akamtaka atie sahihi ya kuruhusu mashine zipite. Vesta akatia. Hakuandika barua, hakupiga simu. Orpha alijua siku aliposikia baruti na vyombo vikaanguka kabatini.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa na sahihi nzuri.

Barabara ya zamani ya kupanda makaburini ilikuwa ya kaunti, ya watu wote tangu enzi za mikokoteni ya nyumbu. Wakubwa wa kaunti wakakaa wenyewe kwa wenyewe, wakaifunga, wakaipa kampuni. Hawakumwita mtu kumsikiliza. Likawekwa geti la chuma na mlinzi wa kutafuna tumbaku. Kule juu, nyuma ya geti, amelala Lorene, mtoto wa Orpha, aliyechukuliwa na kifaduro kabla hajaweza kulitamka jina lake mwenyewe.

Orpha alikuwa anapanda kwa mwanawe kila Jumapili. Mwezi wa tano ndiyo usiseme, bonde zima lilikuwa linapanda kupamba makaburi. Watu wanang'oa magugu, wanaweka maua ya karatasi yaliyochovywa kwenye nta ili mvua isiyale, kisha wanatandika vitambaa na kula kuku katikati ya wafu wao kama wako sebuleni. Watu wakishateremka, Orpha anabaki. Anamwambia mtoto habari zote. Nani kaolewa, nani kaachwa, ng'ombe gani kazaa. Angekuwa mama mtu mzima sasa, mwenye wajukuu pengine, lakini kwa Orpha alikuwa bado anasubiri kusimuliwa.

Baada ya geti, alikaa barazani akitazama juu. Hata mlima wenyewe haukuwa tena na sura aliyoijua, wameunyoa kichwa. Habari zikawa zinamjaa kifuani, hana wa kumpa. Mume alikuwa amekwisha kufa, lakini hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kusikiliza. Tena wachungaji wa kampuni, maana wako wachungaji wa namna hiyo, walimfuata wakimwambia mtoto hayupo pale, yuko mbinguni. Orpha akawauliza kama mama zao wako mbinguni mbona wamewajengea uzio makaburini.

Kisha kukaja habari mbaya zaidi. Udongo waliokuwa wakiumwaga kutoka kileleni ulikuwa unateremka, na kila mvua ikinyesha unasogea. Mwindaji mmoja aliyejipenyeza usiku alisema umefika kwenye uzio wa makaburi.

Hapo ndipo Orpha alipokubali kuonana na Marcella Begley, wakili wa wale wasiokuwa na wakili. Marcella alikula maharage na mkate wa mahindi, akauliza maswali yake. Kuna mwingine mwenye haki kwenye ardhi ile? Orpha akasema alikuwa na dada, alikufa. Marcella hakuwa mtu wa bonde lile. Akaandika alivyoambiwa.

Kesi zilikuwa mbili, tena za mahakama mbili. Kaunti kufunga barabara ya watu bila kuwasikiliza, hilo lilivunja katiba ya nchi nzima, na mahakama yake ni ya shirikisho. Kampuni kumfungia mtu makaburi yake na kuyamwagia udongo, hilo ni la sheria ya jimbo, na mahakama yake ni ya hapo hapo kaunti. Na ya kaunti kila mtu aliijua. Jaji wa pale alikuwa anakula Krismasi mezani kwa meneja wa mgodi. Marcella akazibeba zote mbili, akazipeleka kwa shirikisho.

Siku ya kwanza mahakamani kampuni ilileta mawakili watatu, suti moja kama waliozaliwa pacha. Mkubwa wao akasimama akasema mambo mawili. La kwanza, habari ya makaburi irudishwe kaunti, hapa si kwake. La pili, mama huyu amedanganya mahakama. Dada yake yu hai, na ardhi ni ya wote wawili. Kesi ya mwenye nusu bila mwenye nusu haisikilizwi. Itupwe.

Wakatoka nje kidogo. Marcella alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Bi Orpha, uliniambia dada yako alikufa."

"Kwangu alikufa."

"Mimi mtu akiniambia mtu amekufa, naandika amekufa."

"Ungeniuliza kaburi lake liko wapi. Ningekwambia hana."

Jaji alikuwa mzee, jina lake Thackston, sauti ndogo, kila mtu analazimika kunyamaza ili amsikie. La kwanza alilimaliza upesi. Akasema mlima ni mmoja, geti ni moja, na walioumia ni wale wale. Sheria inamruhusu kuisikia ya jimbo pamoja na ya shirikisho zikiwa zimetoka tumbo moja, na hizi zimetoka tumbo moja. Hatamsikiliza mama huyu nusu yake hapa na nusu kwingine.

La pili alilisema akimtazama Orpha juu ya miwani.

"Mama, nusu ya mtu haiamuliwi yeye akiwa hayupo. Lakini sitaitupa kesi yako kwa sababu hiyo, maana dada yako anafikika. Mleteni. Akitaka kusimama na wewe, asimame na wewe. Asipotaka, atakaa upande wa pili kama mdaiwa. Lakini atakuwepo."

Jioni Marcella alimfuata nyumbani, akamwambia kweli yote. Njia ipo ya kumwacha Vesta kwake Ohio, nayo ni kuiondoa kesi ya makaburi wabaki na ya barabara peke yake. Wakishinda, geti litafunguliwa. Lakini udongo hakuna atakayeuzuia. "Utapanda," akasema, "lakini sijui utakuta nini."

Orpha alikuwa anamenya maharage. Akamenya, akamenya. Kumtaja Vesta ilikuwa kummeza chura mzima mzima, na alikuwa amekula yamini asimlete duniani tena. Lakini aliuona ule udongo ukiteremka polepole kwenye kitanda cha mtoto, kama mtu anayemvutia shuka mpaka usoni.

"Vesta Hoskins," akasema. "Mtaa wa Xenia. Nyumba ya kona, yenye mlango wa kijani."

Marcella akaacha kuandika. "Marehemu ana anwani?"

"Andika usije ukasahau. Ila kando yangu hakai. Mpeleke huko kwa wadaiwa wenzake."

Vesta alikuja na basi. Amezeeka, miguu imevimba, koti zuri. Kwa sababu Orpha alimkataa, akawekwa upande wa kampuni, na wale mawakili watatu walimvutia kiti na kumletea maji. Walimwona zawadi. Wao wenyewe ndio waliodai aletwe, wakidhani kaja kuwamalizia kazi. Mchimba shimo, wanasema, na hawa kuchimba ndiyo kazi yao.

Mkubwa wao akampandisha kizimbani. Je, ulitia sahihi kwa hiari yako? Ndiyo. Kuna aliyekulazimisha? Hapana. Akamshukuru, akakaa akiwa ameshiba.

Marcella akasimama na swali moja. Yule mtu wa kampuni alikuambia nini kabla hujatia?

"Nilimuuliza njia ya kwenda kwa Lorene," Vesta akasema. "Akaniambia, anakula keki yangu ya tufaha, njia haitafungwa hata siku moja, na udongo hautafika makaburini. Nikamwambia rudia. Akarudia. Bila hivyo nisingetia."

Mawakili watatu wakasimama pamoja kupinga. Jaji akawakalisha kwa kidole, kisha mwenyewe akamgeukia Vesta.

"Na kwa nini hukumwambia dada yako?"

Vesta aligeuka upande wa Orpha.

"Mimi ndiye niliyemfundisha yule mtoto kutembea," akasema. "Halafu sikuja kumzika, nilisema kiwanda kimeninyima ruhusa. Sikuomba. Ukishakosa hilo, unapigaje simu?"

Orpha alitazama dirishani. Hakulia. Waliosema alilia hawakuwepo.

Hukumu ilikuja majani yakianza kuanguka. Kaunti ilikosea kufunga njia bila kuwasikiliza watu. Sahihi ya Vesta ilipatikana kwa ahadi ya uongo, basi kampuni iondoe geti, iuvute udongo nyuma kwa gharama yake, na isirudi tena karibu na uzio ule. Kinamama wote wawili, mdai na mdaiwa, haki yao ni moja.

Siku geti lilipong'olewa bonde zima lilikuja kushuhudia. Yule mlinzi alisaidia kulibeba, hana haya. Orpha akapanda na jembe begani, anasimama kila hatua chache kuvuta pumzi, hakubali kushikwa mkono. Nyuma yake, mbali, Vesta anaburuta miguu yake iliyovimba.

Udongo ulikuwa umeinamia uzio na nguzo mbili zimelala. Ndani mlikuwa salama. Miiba tu, imefika kiunoni.

Orpha akapiga magoti kwa Lorene, akaanza kung'oa kwa mikono. Aliposikia pumzi za Vesta nyuma yake hakugeuka. Vesta akamwomba jembe.

Orpha akalisukuma kwa mguu.

"Anzia kwa baba," akasema. "Huku ni kwangu."

Vesta akaenda kwa baba yao. Orpha akang'oa mpaka jina likaonekana, kisha akakaa chini, akashusha sauti ili mtu wa kwa baba asisikie, akaanza kumpa mtoto habari.