Jina Alilolinyamazia Bibi Tulinagwe

Bibi Tulinagwe alinichosha. Nasema wazi. Wiki tatu nilipanda na kushuka naye mteremko wa ziwa, matope hadi magotini, mvua ya Rungwe haina adabu, na bado sikupata jambo moja nililolitaka.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mtu wa Karagwe niliyepangiwa kazi huku. Kijiji kiliniomba niandike historia yake fupi, iandikwe kwa rangi kwenye ubao juu ya ziwa, wageni waisome. Bibi aliolewa hapa akiwa na miaka kumi na saba, akitokea upande wa Kiwira. Sasa ana themanini na ushee, na ya zamani anayajua yeye tu. Alinionyesha ukingo uliomomoka mwaka wa mvua nyingi, nyumba saba zikahamia juu. Alinionyesha kina kinapoanza ghafla, pale akina mama wasipochota maji. Lakini nilipouliza ni nani aliyechonga njia ya kwanza ya kushukia majini, ile ambayo bila yake kijiji kisingekuwepo, alisema, "Ni yule mzee."

"Mzee nani, bibi?"

"Baba wa mume wangu."

"Jina lake?"

Akainama kung'oa magugu. Mara tano nilimuuliza, mara tano magugu. Siku ya mwisho alinishika mkono mpaka migombani nyuma ya nyumba yake, akasimama akiipa migomba mgongo. Nikaona ananipotezea muda. Nikapiga picha mkungu mmoja mnene, nikaondoka nimenuna.

Jirani yake, Meshaki, hakuninyima. Alisema njia ilichongwa na babu yake, Andrea. Nikaandika Andrea. Ubao ukasimamishwa, watu wakapiga makofi.

Jumapili baada ya ibada, bibi alimwomba mjukuu wake Lusungu, fundi cherehani wa Ibighi, amsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye nyasi mbichi na kugoma kuinuka.

Lusungu alinifuata nyumbani amefura. "Mwalimu, miaka yote unaishi na sisi hujui? Mke hatamki jina la baba mkwe, hata akishazikwa. Bibi hajalitamka zaidi ya miaka sitini. Ulitaka aanzie kwenye ubao wako?"

Nilikwenda kuomba radhi, ingawa na mimi nilikuwa nimekasirika.

"Bibi, si ungemtuma mtu aniambie?"

"Nilikupeleka mwenyewe, mwalimu," alisema bila kuinua macho. "Wewe si unajua kusoma?"

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya migomba palikuwa na kaburi, na msalaba wa saruji ulioandikwa Ambindwile. Nikatoa simu, nikaitafuta ile picha ya mkungu. Msalaba umo, pembeni kushoto, na kila herufi inasomeka.